Hakuna Kisanduku cha Ila

…na hapo hapo kengele ya mlango wake ikalia, mbwa akabweka, mzee akasema subiri kidogo mpenzi, usikate, akaweka simu mezani, nikabaki na saa yake ya ukutani inagonga sikioni mwangu, ta, ta, ta, kama mtu anayekatakata bamia bila haraka, huko pwani kwao, mbali kabisa na hapa Hayes, London, na mimi nimeshika kipanya sijui nibonyeze wapi, maana alikuwa amekwisha jibu, alijibu vizuri tu, napinga, alisema, tena napinga kabisa, wasiufunge ule mtambo, ila… na hiyo ila ndiyo iliyokatwa na kengele. Mpenzi. Hapa kila mtu ni mpenzi, dereva wa basi ananiita mpenzi, muuza samaki wa Abbey Wood ananiita mpenzi, na katika wapenzi wote hao hakuna hata mmoja anayejua kwamba naitwa Generosa. Mzee huyu nilimtajia jina mwanzoni, kama tunavyotakiwa, jina langu ni Generosa, napiga kutoka kampuni ya utafiti wa maoni, mazungumzo haya yanarekodiwa, akasema jina zuri, la wapi hilo, nikasema Tanzania, akasema aha, kuna joto huko, nikasema ndiyo, kuna joto. Dakika moja na nusu sasa hajarudi. Swali la tisa linanitazama kwenye skrini, leo nimelisoma mara thelathini na moja, ulimi umelizoea kama Salamu Maria, je, unaunga mkono au unapinga serikali kufunga mitambo yote ya nyuklia hatua kwa hatua, hata kama wananchi walio wengi wanataka ibaki, na chini yake visanduku, naunga mkono kabisa, naunga mkono kiasi, sina upande, napinga kiasi, napinga kabisa, hajui. Basi. Waliotuagiza kazi hii wanataka mitambo ifungwe, hawakutuambia lakini dodoso lina harufu, maswali manane ya kwanza yote ni taka zitakazokaa maelfu ya miaka, ajali, saratani, ukifika la tisa umekwisha tishwa vya kutosha, na bado watu wananiambia ibaki, katika orodha yangu ya wiki hii saba katika kumi wanasema ibaki, wanataka taa, wanataka moto kipindi cha baridi, na mimi ni nani wa kuwalaumu, mimi ambaye kule Thamesmead hita yangu inaunguruma tangu Oktoba na naizungumzisha kama paka.

"Mama Generosa, bado huyo mzee?" Ni Sadrudin, amesimama nyuma ya kiti, msimamizi wetu, Mhindi wa Mwanza, aliletwa hapa na wazazi akiwa na miaka kumi na mbili, anakaa Kenton, na Kiswahili chake kina harufu ya duka la vitambaa la baba yake, mimi nakipenda, siku nyingine ndicho Kiswahili pekee ninachosikia kutoka kwenye mdomo wa mtu niliye naye chumba kimoja. "Ametoka kidogo, Bwana Sadru, kuna mtu mlangoni." "Lakini si amesha-answer? Click strongly oppose, twende." "Alikuwa hajamaliza." "Amemaliza, mama. Over-seventies imebaki mmoja tu, huyo huyo. Client anataka data saa kumi na moja." "Alisema ila." "Ila nini?" "Sijui, ndiyo nasubiri." Akacheka, akanigonga begani na kalamu yake, "Stori hatuna pa kuiweka, mama," akaenda zake kwa mwingine, na kweli hatuna, nimetazama skrini yote juu mpaka chini, hakuna kisanduku cha ila, na yeye mwenyewe Sadrudin, kila asubuhi namuuliza habari za Kenton, ananiambia nzuri tu, mama, nzuri, miezi mizima nzuri, kumbe mkewe alikuwa amelazwa, nilikuja kujua kwa kumwona anakula sambusa za kununua, mtu ambaye kila siku alikuja na chakula kwenye kopo la bati. Na jirani yangu Mama Thérèse wa ghorofa ya tatu, Mkongomani wa Bukavu, nikimkuta kwenye lifti, habari mama, muzuri, muzuri tu, mlango unafunguka kila mtu na korido yake. Nzuri tumekuja nayo wote. Ile ila ndiyo tumeiacha uwanja wa ndege, kwenye lile pipa la chupa za maji. Maana kwetu mtu hasemi nzuri akaishia hapo, kwetu mtu akiulizwa habari atasema nzuri hata kama nyumba inaungua mgongoni kwake, nzuri kwanza, hatujambo kwanza, ndiyo adabu, humtupii mgeni msiba mlangoni, halafu akishakaa, akishatua mzigo, ndipo inakuja, hatujambo, wazima wote, ila bibi tumemzika juzi. Anayechukua nzuri peke yake akaondoka, ameondoka na kifuniko, chungu amekiacha jikoni. Mtoto wa miaka sita anajua hivyo. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na nane na shahada ya chuo kikuu na sikujua, au nilijua, Generosa, sema kweli, hakuna anayekusikia, ulijua.

Simu iko kwenye mkono wa sweta langu, naisikia kwenye ngozi, hairuhusiwi kuwa na simu hapa, za wote ziko kwenye makabati kule nje, lakini tangu Jumapili siwezi kuiacha mbali na siwezi kuifungua, ujumbe wa sauti wa dakika mbili na sekunde kumi na nne, umetumwa na mdogo wangu Anselm lakini sauti ni ya baba, baba hana simu ya namna hiyo, Anselm humshikia. Nilianza kuusikiliza njiani kutoka misa, Generosa mwanangu, ni mimi baba yako, Anselm ndiye kashika simu, habari za huko, sisi huku hatujambo, wazima wote, ila… na kidole changu kikaenda chenyewe, kikaukata pale pale, sekunde ya kumi na moja, nikasimama kituo cha basi watu wananipita. Leo Jumatano. Kwa sababu baba hajaniambia ila yoyote kwa miaka kumi na moja. Mtu akisikia atasema ndiyo nini hicho, mtu anapigiwa na baba yake kila mwezi, anapokea shikamoo, anajibu marahaba mwanangu, anasema hatujambo, analalamika nini, sawa, lakini mimi najua, hatujambo ya baba kwangu ni ile anayompa karani wa sensa. Mama aliugua miezi minne. Miezi minne kila nikipiga, hatujambo, wote wazima, nikamwambia mpe mama simu, amelala, ametoka, yuko kwa jirani, mpaka Anselm aliponipigia nikiwa kwenye treni, tunakatiza Paddington, akasema dada, shuka ukae chini. Nilifika kaburi limekwisha kauka. Baba akanipokea mzigo, akanikalisha, akanipa chai kwa mikono miwili, wageni ndio hupewa hivyo. Kwa hiyo hiyo ila ya Jumapili… nini, ni yeye? Amepimwa wapi, wamempeleka Peramiho hospitali, wamemrudisha nyumbani? Au ni uzio wa mgodi, au wale wachimbaji wamerudi na amenitaja mbele ya kijiji chote, maana Anselm aliandika mwezi uliopita, magari meupe yameonekana tena, dada, bei ya urani imepanda, wanasema Ulaya wanaitaka nyuklia tena, na mimi nilisoma wakati wa mapumziko, kule nje kwenye makabati, baada ya kumwuliza mwanamke wa Leicester swali la tisa akanijibu ibaki, kwa nini isibaki.

Mbwa amenyamaza. Sauti mbili mbali, ya mzee na ya mwingine, mwanamume, sisikii wanachosema, labda ni mtu wa vifurushi. Alikuwa ameanza kunieleza kuhusu huo mtambo, anauona kutoka dirishani, alisema uko kule mwisho wa kokoto kama friji kubwa nyeupe ambayo mtu ameisahau ufukweni, amefanya kazi pale miaka thelathini, watoto wake wamekula pale, nilicheka, nikamuuliza swali, akajibu, napinga kabisa, ila. Na mimi nikajiona nanyoosha kidole. Haraka ile ile! Ile ile ya kijijini, naijua, ni haraka ya mtu anayeona aibu mbele ya wageni wenye saa. Uwanja wa shule ya msingi, wageni wanne wa kampuni ya ushauri kwenye viti vya walimu, mimi katikati na ubao wa kuandikia na karatasi za kiwango cha kimataifa, ndivyo walivyoziita, mkalimani, mtoto wa hapa hapa, wazee wananitazama wanatabasamu, binti wa Laurean huyo, angalia anavyoongea na Wazungu. Swali lilikuwa moja, je, mnaukubali mradi wa uchimbaji, ndiyo, hapana. Na kwa sababu ni mkutano na kuna wageni, aliyesimama kwanza ni baba yangu, maana ndiye aliyekuwa mkubwa pale, akavua kofia, akaanza mbali kama kawaida yao, akawashukuru kwa safari, akauliza njia ilikuwaje, akasema mgeni njoo mwenyeji apone, akasema ndiyo, karibuni, hatuwezi kumfukuza mtu aliyekuja na mkono mtupu akiomba, tumekubali, ila kile kisima cha bondeni mtuachie, kiangazi hatuna kingine, msikizungushie kitu, hilo ndilo neno letu. Akakaa. Watu wakapiga makofi kwa lile neno la kisima, mimi nilisikia makofi yalikuwa ya lile, si ya ndiyo. Na yule mama wa Kizungu mwenye miwani akaniinamia, amesema nini, mbona ameongea sana? Ameongea sana. Baba yangu ameongea sana, kaptura yake ina kiraka, ameuliza habari za njia kwa watu waliokuja na gari la kiyoyozi… nikasema, he says yes. He says you are welcome. Akaandika. Mikono ikanyooshwa, nikahesabu mia mbili kumi na nne, nilihesabu vizuri sana, mara mbili.

Hiyo ndiyo dhambi yangu yote, maneno manane ya Kiingereza, mengine walifanya wenyewe. Ripoti ikachapwa, ikajaladiwa, ukurasa wa arobaini na moja, wanakijiji wote waliohudhuria waliunga mkono mradi bila masharti, na mwishoni kwenye shukrani jina langu limeandikwa kwa herufi safi. Bila masharti. Uzio ulipokuja ulipita ng'ambo ya kisima, na hakuna aliyefanya hila, walifuata karatasi, wanawake wakaanza kuteka mtoni, mwendo wa saa moja na nusu kwenda tu, halafu bei ya urani ikaanguka wakafunga virago, wakaacha uzio, mlinzi na kibao cha fuvu. Na watu wakamgeukia nani? Wakamgeukia aliyesema ndiyo wa kwanza. Mzee Laurean, si wewe uliyewakaribisha, ile ila yako imekwenda wapi? Ripoti nzima ililetwa ofisi ya kata, mwalimu akamsomea, akamtafsiria mpaka kwenye jina langu, Anselm alikuwepo, anasema baba aliomba arudiwe ukurasa ule, halafu akaifunga, akasema asante mwalimu, na mpaka leo hajamwambia mtu yeyote ni nani aliyeimeza ila yake. Wamemwita mla hongo, wamemwita mzee wa Wazungu. Mimi nilikuwa nimekwisha pata barua ya yule mama mwenye miwani, mfanyakazi makini, anafupisha vizuri, na kwa barua hiyo nikapata nafasi ya kusoma London, nikaja, nikasoma, nikabaki. Anafupisha vizuri! Na kazi yangu mpaka leo ndiyo hiyo, nawapigia watu wa nchi nzima nafupisha. Maji yakimwagika hayazoleki, wanasema, lakini yale maji hayakumwagika, yako pale pale bondeni, yanaonekana kupitia waya.

Dakika tatu. Sadrudin kule mbele ananionyesha saa yake ya mkononi, namwonyesha tabasamu. Bonyeza tu. Nikibonyeza napinga kabisa, ni kweli, alisema hivyo, na nimeongeza kura moja kwa mitambo ibaki, na mitambo ikibaki inakula, na chakula chake kiko chini ya migomba ya watu ninaowajua kwa majina. Jana nilijaribiwa, sisemi uongo, kijana mmoja wa Hull alisema ibaki na kidole changu kilikuwa juu ya ifungwe, nani angejua, hao waliotuagiza wangefurahi, nikakirudisha kidole, nikasema ulishawahi kumsemea mtu, Generosa, yatosha. Na mzee huyu hajui urani inatoka kwa nani, na mimi sijui anachokiona akitazama friji yake nyeupe, labda ila yake ni ya mkewe, labda ni ya rafiki aliyeungua, labda ni kubwa kuliko jibu lenyewe, au ni kidogo tu, ila wabadilishe rangi. Saba katika kumi wanaotaka ibaki, wangapi kati yao walivuta pumzi baada ya kujibu, na mimi nikasema asante, swali linalofuata? Nawasikia sasa hivi wote, wale wenye kupumua. Wengi walitaka kuongea. Mwanamke wa Leicester alisema but, nakumbuka, alisema but mimi nikaenda la kumi. Wale wanaotaka kufunga watasema maoni ya watu yasiwazuie, na wale wanaotaka ibaki watasema watu wamesema, na wote wawili watapunga karatasi yangu, na watu wenyewe hawamo humo, zimo ndiyo na hapana zao tu. Nimechoka kuwa mpweke wa namna hii, ndiyo, niseme neno lenyewe, upweke, mtu mzima naongea na watu sitini kwa siku na sijui shida ya hata mmoja, na hakuna anayejua yangu, na nimeupata kwa mkono wangu mwenyewe, mtu akikata ila za wenzake mwisho hatabaki na wa kumwambia.

Basi. Naiinua hedifoni upande wa kushoto, sikio la kulia nalimwachia mzee na saa yake, natoa simu kwenye mkono wa sweta, naiweka chini ya nywele, Mama Maria, kama ni yeye niambie tu, kama ni kijiji kimemjua mchawi wao niambie tu, na nabonyeza, sauti inaanza tena palepale nilipoiacha, …ila goti. Goti? Hili goti la kulia, mwanangu, limenishinda tangu Pasaka. Linavimba jioni, asubuhi linapungua, ngazi za kanisani sizipandi, nakaa nje na akina mama wenye watoto. Anselm nyuma anasema mwambie na dawa, baba anasema tulia, naongea na Generosa, ananieleza mafuta aliyopewa yananuka vipi, ananieleza kuku walivyomcheka alipoanguka bandani, dakika nzima ya kuku, ananiuliza huko kwenu baridi haikuingii kwenye viungo, wewe nawe si kijana tena, na uzio hautaji, magari meupe hayataji, nasubiri ayataje, namngoja mpaka mwisho, anasema nimeona nikwambie wewe, hawa nikiwaambia wananicheka, haya, Anselm, zima hiyo. Imekwisha. Goti. Nalia kwa sababu ya goti, machozi yanaingia kwenye kibodi ya kampuni, kumbe ni jambo dogo hivi, shida ndogo ya mzee, linavimba jioni, asubuhi linapungua, ananiambia mimi. Baba ananiambia mimi linamuuma wapi. Sijasamehewa, asije mtu akasema nimesamehewa, kisima kiko ndani ya uzio na jina langu liko mwisho wa ile ripoti, na nitakwenda, kama wale wageni wameitisha mkutano nitakwenda nisimame nikiwa nimevua viatu, niseme ile ila ilikuwa kwangu, hilo nitalifanya kabla goti hilo halijamzuia kufika uwanjani, ila leo, leo nina baba.

"Mama Generosa!" Sadrudin ananyoosha vidole vitano juu, dakika tano, mfumo utaikata simu, click, click, na kipanya kiko mkononi, na kisanduku kiko wazi, napinga kabisa, hakuna aliyekijaza, na mimi nanyoosha mkono wangu juu, wote, kama wanavyonyoosha kwenye mkutano, ninamwambia subiri, Bwana Sadru, mkeo hajambo? anatoa macho, anashusha vidole, anasema nzuri, mama, nzuri, nami sigeuki, namtazama tu, nimeacha mkono juu. Sikio la kulia saa ya mzee bado inagonga, ta, ta, mlango haujafungwa huko, nasikia upepo unaingia nyumbani kwake, mbwa anakunywa maji. Nipo, mzee wangu, sijakata. Ulisema ila.